Filimbi Iliyokiita Kijiji Langoni

Vijana waliopangiwa lindo kwa mara ya kwanza hupita hapa kwangu Kisesa kunisalimia, kwa kuwa wamesikia nilisimama langoni karibu maisha yangu yote ya jeshi. Wakishatoa shikamoo zao na kukaa, huwa nawauliza viatu vinawabana wapi. Wanacheka. Wanadhani mzee ameanza kuchoka. Lakini askari ambaye kiatu kinambana, au amebanwa na mkojo na hakuna wa kumpokea, au hajala tangu jana, huyo ndiye wa kwanza kumwinulia mtu kirungu. Sheria za matumizi ya nguvu hazianzii kwenye bunduki. Zinaanzia kwenye soksi.

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza darasa la saba mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, na nyuma yangu walikuwepo wadogo wanne, wawili kati yao mapacha, Kulwa na Doto, ambao walikuwa wakigombania hata kivuli. Nililima pamba ya watu, nikabeba mizigo bandarini Mwanza, kisha nikaandikishwa jeshini. Kwa hiyo haya ninayowaandikia hayakutoka chuoni. Yametoka kambi moja iliyo kando ya ziwa, upande wa Misungwi, na hasa mchana mmoja wa kiangazi ambapo watu wa kijiji jirani na askari wangu nusura wauane mbele ya macho yangu, wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Nitafika huko. Kwanza nimtaje aliyenifundisha.

Aliitwa Sajenti Bwire, Mjita, mwembamba, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Makuruta tulimdharau wiki ya kwanza. Tulitaka mwalimu wa kutungurumia. Siku moja akatupanga langoni akasema, "Nipigieni kelele kama mnavyompigia mvamizi." Tukapiga, ng'ombe wa ng'ambo wakageuka. Akatuuliza, "Sasa akiendelea kuja mtafanya nini? Sauti yenu imekwisha. Mmebaki na bunduki tu."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote. Alisema askari wa lindo amepewa ngazi. Kwanza unaonekana: sare safi, umesimama wima, mtu akuone kabla hujamwona. Halafu unasema. Halafu unasogea na kumzuia kwa mikono, ukiwa na mwenzako. Halafu kirungu, na ukipiga unapiga mguu, hupigi kichwa. Bunduki iko juu kabisa ya ngazi hiyo, na ukishapanda huko hakuna aliyewahi kushuka akiwa yule yule. Adui anaweza kukulazimisha uruke vidato, hilo alikiri. Mtu akikujia na panga limeinuliwa hutaanza kumwuliza habari za nyumbani. Lakini alitaka tuwe tumejiuliza: huyu anaweza kuua? Anataka kuua, sasa hivi? Nimeishiwa njia nyingine zote? Jibu moja likikataa, kidole kinatoka kwenye kifyatulio. Na mtu akishaacha, nawe unaacha. Ukiongeza hata kofi moja baada ya hapo, hiyo si kazi tena, hiyo ni hasira yako binafsi na utaijibia mwenyewe.

Mimi nilielewa haraka kuliko wenzangu kwa sababu ya wale mapacha. Nyumbani nilikuwa nimeshajifunza kwamba ukiingia kwenye ugomvi wa Kulwa na Doto ukiwa umeinua sauti, wanaungana wote wawili dhidi yako.

Ngazi ya Bwire ilinisaidia mahali ambapo hamtaamini. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walipenda sana ufuo wetu, kwa kuwa mchanga wake ulikuwa safi na hakuna mbwa. Bango la ENEO LA JESHI USIPITE walilitundikia nguo. Askari mmoja mgeni alitaka kumwaga dagaa wao. Nilimwambia asimame pale pale walipo, awe anawasalimia kila mmoja, awaulize majina ya watoto, akae nao jua lote. Kufikia jioni walikuwa wameondoka wenyewe. Yule mama mkubwa wao akanilalamikia: "Afande, huyu kijana wako anaongea mno. Afadhali yule mkali." Siku nyingine koplo wetu mwenyewe alirudi kutoka mjini amelewa, akakataa kutaja neno la siri, eti yeye ndiye aliyelitunga. Tulimpa kiti, tukamwacha aendelee kukataa akiwa amekaa. Alilala. Alipoamka akalitaja.

Siku hizi mambo yamebadilika, na mengi yamebadilika vizuri. Mnapewa kadi ya mfukoni yenye sheria, mnafanya mazoezi ambayo mmoja anajifanya mlevi na mwingine mwenye kichaa, kuna kamera, kuna kipaza sauti. Sisi tulisomewa amri za lindo gwarideni, tukaitika "Ndiyo afande!", basi. Ndivyo filimbi zilivyoingia.

Nilikuwa likizo zilipokuja. Malindo ya kule chini ufukweni hayakuwa na simu ya upepo, na askari wakawa wanapasua koo kuita. Ikatolewa amri nzuri tu, yenye akili: kila askari wa ufukweni awe na filimbi. Mtu akiingia eneo lililokatazwa, mwambie asimame. Asiposimama, piga filimbi mara tatu, kwa nguvu. Hicho kikawa kidato kipya katikati ya sauti na mikono. Langoni tulikuwa na simu ya upepo, kwa hiyo niliporejea na kukabidhiwa ukuu wa gadi sikuiona hata filimbi moja.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limerudi nyuma. Seng'enge yetu, ambayo siku zote ilikuwa inaishia majini, ikawa inaishia matopeni, na yeyote mwenye miguu aliweza kuizunguka. Mchana huo aliyeizunguka alikuwa dume la ng'ombe. Nyuma yake akaja mwenyewe, mzee Masanja, na fimbo yake, akiita kwa Kisukuma maneno ambayo ng'ombe huyo bila shaka alikuwa ameshayasikia.

Kwenye lindo la chini alikuwepo Saidi, Mmakonde kutoka Mtwara, kijana msafi, mtiifu, aliyefika kanda hii miezi michache tu nyuma. Akamwambia mzee asimame. Mzee akasema, "Ng'ombe wangu, baba," akaendelea. Saidi akafuata amri kama ilivyoandikwa. Akapiga filimbi mara tatu.

Kama hamjakulia Usukumani, niwaeleze. Kwetu filimbi si ya kuchezea. Ni mwano, yaani yowe la hatari: mwizi ameingia, ng'ombe wameibwa, mtu anauawa. Sungusungu, ulinzi wetu wa kijiji, huitana kwa filimbi. Ukiisikia unaacha jembe pale lilipo, unachukua silaha yako na kukimbilia ilikotokea, na ukiwa na filimbi unaipiga nawe ili wa mbali wasikie. Asiyekwenda anatozwa faini. Anayeipiga bure anatozwa kubwa zaidi.

Mzee Masanja alisimama papo hapo. Saidi aliniambia baadaye kwamba alifurahi, akaona kweli amri inafanya kazi. Kisha mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, umefanya nini?" Na kabla Saidi hajajibu, filimbi ikaitika kutoka kijijini. Ikaitika nyingine mashambani kwenye mpunga. Nyingine huko mbali, kwenye mawe ya kilimani. Saidi akadhani ni wenzake wa malindo mengine. Akaendelea na kidato kinachofuata: aliyezuiwa apelekwe langoni. Akamshika mzee mkono, akaanza kupanda naye.

Mimi langoni nilipozisikia, mwili ulisisimka kabla ya akili. Niliangalia ng'ambo ya mawe meupe, yale tuliyoyapanga barabarani kuonyesha kwamba mwenye silaha akiyapita tunamzuia kwa lolote. Vumbi lilikuwa limeshainuka. Wanaume walikuwa wanakuja mbio, wenye fimbo, wenye mapanga, wenye pinde na mishale, wengine matope ya mpunga hadi magotini. Walikuwa wanakuja kutusaidia. Waliamini kambi imevamiwa.

Sasa jiwekeni kwenye macho yao. Wanafika wakihema, wanatafuta mwizi, na wanachokiona ni askari mwenye bunduki ametokea upande wa ufuo amemshika mkono mzee wao.

"Wamemkamata Masanja!" kijana mmoja akapaza sauti, na ile sauti ya watu waliokuja kusaidia ikabadilika. Hamtaisahau sauti hiyo mkiisikia.

Nilikuwa na askari wawili, Saidi wa tatu. Saidi akamwachia mzee, akaja kando yangu, uso umekauka. "Afande, nipige moja juu? Watatawanyika."

"Usiguse."

"Afande, wana silaha."

"Nimeziona. Shusha mtutu. Wote, mitutu chini, usalama ufungwe."

Hapa ndipo ninapowaomba msome polepole. Wanaweza kuua? Ndiyo, mshale wa kwetu una sumu, hauhitaji kukupiga moyoni. Wanataka kuua, sasa hivi? Bwire alitufundisha kuangalia mikono, si nyuso, kwa sababu uso wa mtu aliyekimbia kilimani huwa kama wa muuaji hata kama amekuja harusini. Nikaangalia mikono. Pinde zilikuwa zimeshikwa katikati, mishale iko kwenye podo bado. Mapanga yalikuwa chini, usawa wa paja. Na mguu wa mbele kabisa ulikuwa haujavuka jiwe jeupe. Njia nyingine ipo? Ilikuwepo moja, na niliijua kwa sababu tu nilizaliwa humo: aliyeita ndiye anayetakiwa kujitokeza na kusema kwa nini ameita. Asipojitokeza, hawaondoki. Hawawezi kuondoka.

Nilimwita Kapteni Neema, mkuu wetu, kwa simu ya upepo, nikampa bunduki yangu askari wa kulia, nikamwambia wa kushoto asiondoe macho kwangu. Kisha nikatembea hadi kwenye mawe, viganja wazi. Msichukue hili kama fundisho la kutembea bila silaha mbele ya umati. Nyuma yangu kulikuwa na wenye silaha, na kila mmoja alijua afanye nini nikianguka.

"Mwadila," nikasalimia.

Wachache wakaitika, kwa mazoea tu. Akasogea kamanda wao wa sungusungu, mzee Luhende, fundi baiskeli, mkono wenye grisi bado umeshika kirungu. "Mwadila. Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi, mzee. Filimbi ni ya kwetu. Tumeita, nami nimekuja kuieleza."

"Hakuna mwizi." Akageuka kuwatazama wenzake. "Kwa hiyo tumeitwa kuja kuangalia rangi ya geti."

Mmoja akacheka. Kicheko kimoja katika hali kama hiyo ni sawa na maji. Lakini yule kijana wa mwanzo hakucheka. "Na Masanja? Mbona mmemshika kama mwizi?"

Nikataka kujibu, ila Masanja mwenyewe alikuwa amechoka kuwa sababu ya mambo. "Nani ameshikwa?" akafoka kutoka nyuma yangu. "Nimemfuata dume langu, huyu mtoto ananisindikiza! Mmeacha kazi zenu mje kunitazama mimi? Dume liko ndani huko linakula!"

Lilikuwa linakula kweli. Lilikuwa kwenye mchicha wa mesi ya maofisa, na Kapteni Neema alipokuja kwa haraka alilipita bila kulitazama mara mbili. Alisimama kando yangu, akanisikiliza maneno machache, hakuniuliza kwa nini sina bunduki. Alikuwa Mchaga wa Rombo, wala hakujifanya anajua mila za huku. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wanataka nini ili hili liishe?"

"Aliyepiga ajitokeze aseme mwenyewe, afande. Halafu faini."

"Tukikubali faini, si tumekiri kosa?"

"Tukikataa, afande, siku kambi ikishika moto tutapiga filimbi na hatakuja mtu."

Akafikiri kidogo. Kisha akamwita Saidi, akaagiza bunduki yake ishikwe na mwenzake, akamleta yeye mwenyewe hadi kwenye mawe. Saidi alitembea kama anatembea juu ya mayai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema Luhende. "Ni wewe umepiga?"

"Ni mimi."

"Kabila gani?"

"Mmakonde, mzee."

Minong'ono ikapita. Luhende akamtazama toka viatu hadi kofia. "Huko kwenu filimbi ni ya nini?"

"Ya mpira, mzee."

Wakaangua kicheko, wote, hata yule kijana. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Basi leo refa umepata mechi kubwa! Kadi nyekundu ni ya ng'ombe!" Luhende alingoja wamalize. Yeye hakuwa amecheka. Alionyesha kwa kirungu kule nyuma, ilikokuwa bunduki.

"Na ile ungeifanyia nini?"

Saidi hakujua kudanganya. "Ningepiga juu, mzee. Mtawanyike."

Kicheko kilikatika. Luhende akaongea taratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini tairi limepasuka. "Kijana, filimbi imetuleta sisi unaotuona. Mlio wa bunduki ungewaleta waliobaki. Kwetu mtu akisikia mwano akarudi nyuma, haishi tena na wenzake. Hapa hakuna ambaye angekimbilia nyumbani. Unaelewa? Tungekimbilia huku."

Saidi alielewa. Nilimwona akielewa.

Kapteni akasema, "Mzee, faini yenu ni nini?"

Faini ikawa mbuzi, ambaye kambi haikuwa naye, kwa hiyo wakakubaliana tuje na majembe siku ya kuchimba lambo la kunyweshea mifugo. Tulikwenda, na kapteni alichimba. Filimbi zilikusanywa jioni ile ile. Badala yake tulitundika rimu ya lori kwenye kila lindo, tugonge kwa nondo, na siku ya kwanza tulipoigonga watoto wa shule ya msingi ya jirani walitoka wote kwenda mapumzikoni, kwa sababu kengele yao nayo ni rimu. Mwishowe vikaja vipaza sauti. Lakini kabla ya kipaza sauti cha kwanza kufungwa, kapteni alimwita Luhende kambini anywe chai, akamuuliza kijiji kingekielewaje.

Nawaambia fanyeni hivyo. Kila kidato mlichopewa, kabla hamjakikanyaga, kaulizeni kwa wanaoishi nje ya seng'enge kinasema nini masikioni mwao. Amri ni ile ile Mtwara na Mwanza, ila anayeisikia si yule yule. Risasi ya juu mnaiona kama onyo. Kuna mahali ni onyo, kuna mahali ni mwaliko, na siku hizi makamanda wengi hawairuhusu kabisa, kwa sababu hiyo na kwa sababu kila risasi inayokwenda juu inashuka juu ya mtu.

Wanaume waliondoka wakiliswaga dume la Masanja mbele yao, likiwa bado linatafuna mchicha. Tukakabidhi zamu. Saidi alikaa kwenye benchi la chumba cha gadi, sahani ya wali na maharage mbele yake, hajaigusa. Nilikaa kando yake, kwa kuwa nimelea wadogo na ninajua mtoto asiyekula huwa anahesabu kitu kichwani.

"Afande," akasema, "risasi zetu zisingetosha."

"Kuanza zingetosha," nikamwambia.